Mchonga mawe ya makaburi apima bei ya chuo cha bintiye

Saa moja kasoro robo asubuhi, theluji bado imeganda juu ya paa la karakana, Aldo Pellerin ameinamia jiwe la granaiti lenye upana wa mlango. Anapuliza vumbi, anapitisha kidole gumba ndani ya herufi R, anatikisa kichwa. Nyundo inagonga tindo mara tatu. Anapitisha kidole tena.

"Hapa hakuna kufuta," anasema bila kuinua macho. "Ukikosea jina la marehemu, jiwe umelinunua wewe."

Aldo, 55, amechonga majina ya wafu kwa miaka thelathini na mmoja katika mji huu wa machimbo, jimbo la Vermont, Marekani. Kila mwaka hupimwa mapafu kwa sababu ya vumbi. Alishapanga kuweka tindo chini akifika miaka 62.

Mwaka jana, mwezi Machi, mpango huo uliyumba. Binti yake wa pekee, Maren, aliyekuwa na miaka 18, alikubaliwa na chuo kikongwe cha binafsi katika jimbo jirani, kile ambacho katika kila vijana mia wanaoomba huchukua watano.

Barua ya msaada wa fedha ilifuata, imeandikwa "Tuzo yako" juu kabisa, na chini orodha ya fedha ambazo jumla yake ilitosha gharama zote. Aldo akanunua keki, akaita majirani. Mama yake Rosalba, 81, karani mstaafu wa benki, alivaa miwani kabla ya kugusa uma.

"Aldo mwanangu, mstari wa mwisho umeusoma?"

"Mama, kula keki."

"Keki nitakula. Huu hapa ni mkopo. Dola elfu ishirini na tatu kila mwaka. Na mkopaji si mtoto, ni wewe."

Kwa miaka minne ni dola 92,000, riba bado. Aldo na mkewe Colette, anayefanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno, wanaingiza dola 126,000 kwa mwaka: nyingi mno mtoto kusomeshwa bure, chache mno kumlipia. Chuo kikuu cha jimbo lao kilikuwa tayari kumfadhili Maren karibu kila kitu. Jibu lilitakiwa ifikapo Mei mosi.

Kazini hakuonewa huruma. "Mzee, utachonga mpaka miaka sabini na moja," aliambiwa na Duane, mwendesha winchi ya kuinulia mawe.

"Ina faida yake. Nikifa, mkopo wa mzazi unafutwa."

"Basi jichongee jiwe sasa hivi, upate punguzo la mfanyakazi."

Aprili, waliokubaliwa walialikwa kukitazama chuo. Aldo alikwenda na koti lake la harusini. Katika maabara ya miamba, ghorofa ya juu, Profesa Ingersoll, mwanamke mwembamba aliyevaa soksi zisizofanana, aliwaonyesha chembe iliyotolewa ndani ya granaiti, ndogo kuliko punje ya chumvi. Kwenye skrini ilionekana ina duara ndani ya duara, kama kisiki cha mti.

"Jiwe hili nimelikata maisha yangu yote," Aldo anasema, na sauti inashuka. "Sikujua ndani yake kuna kitu kinachohesabu miaka. Milioni mia tatu na sabini, akasema. Nikavua kofia. Sijui kwa nini, nilivua tu."

Ndipo Maren, akisoma namba za umri kwenye skrini, akauliza: mbona kiini cha chembe kina umri mara tatu ya ukingo wake? Kilitoka kwenye mwamba gani uliokufa kabla ya huu?

Profesa alivuta kiti, akakaa. "Hilo ndilo ninalolitafuta tangu mwaka juzi," alisema.

Wageni wengine walipelekwa bwaloni. Hao wawili walibaki wakichora ubaoni saa nzima, na Aldo amesimama mlangoni.

Garini alimwambia bintiye: "Natia saini. Hata mpaka miaka tisini nitachonga."

Maren alimjibu walipovuka mto. "Baba, unajua yule profesa alianzia wapi? Chuo cha jimbo, kama chetu. Kaniambia wanaosomea uzamivu pale, ile shahada ya juu kabisa, hawalipi, wanalipwa wao. Nitaingia kwa njia hiyo."

"Na wasipokuchukua?"

"Na mapafu yako yakikataa kuningoja?"

Walibishana wiki mbili. Mei mosi, siku ambayo wanafunzi wa huku huvaa fulana ya chuo walichochagua, Maren aliingia karakanani saa ya chakula amevaa kijani cha chuo cha jimbo. Duane akazima winchi.

"Umeshawajibu?" Aldo aliuliza.

"Nimeshawajibu, Baba."

"Nilikasirika, nisiseme uongo," anasema leo. "Halafu nikamtazama vizuri, nikamwogopa. Kama unavyouogopa mlima. Miaka kumi na minane na anajua njia nzima!"

Sasa Maren yuko mwaka wa kwanza. Jumamosi huja kuokota vipande vya granaiti na kuviandika vilikochimbwa. Aldo hafagii kabla ya kumuuliza.

Mpango wa kustaafu akiwa na miaka 62 umebaki palepale. Anachotaka baada ya hapo ni kimoja: kurudi kwenye ile maabara siku Maren atakapoifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, na yeye awe na pumzi ya kufika juu.

"Ngazi ni arobaini na sita," anasema, na kuokota tindo. "Nilizihesabu."