Kengele ya Dume Ndani ya Magurudumu

Mimi ni mwanaume mwenye miaka arobaini na moja. Nimetahiriwa, nimeoa, nina watoto watatu, na nina kibanda cha kutengeneza redio na simu karibu na soko la Mugumu. Nayasema haya mapema ili ijulikane ni mtu wa aina gani aliyekuwa akishusha pazia la kibanda kila mchana, wenzake wakienda kula, ili atengeneze gari la kuchezea.

Nilikuwa nikijiambia kwamba si la kuchezea. Lilikuwa gari la kupanda mawe, urefu wake kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, linaendeshwa kwa rimoti, linakwenda polepole kuliko kinyonga na linapanda jiwe ambalo hata mbuzi hulizunguka. Niliyaona ya namna hiyo kwenye simu: wanaume wazima wa nchi za nje, wenye ndevu na vitambi, wamepiga magoti kwenye tope nyuma ya magari yao madogo, wala hawaoni haya. Nadhani nilichokitamani kwanza ni hiyo kutokuona haya, gari likafuata.

Fremu niliikata kutoka aluminiamu ya dirisha bovu. Mota niliitoa kwenye drili iliyoungua swichi, gia kwenye mashine ya fotokopi, betri kwenye kompyuta iliyokufa. Rimoti na kipokezi chake niliviagiza Dar. Magurudumu niliyakata kutoka bomba nene la maji, nikayavalisha mpira wa tyubu ya pikipiki na ndani nikashindilia sponji ya godoro. Bodi niliigonga kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, kwa kufuata umbo la lori kuukuu lililokuwa likipita mbele ya nyumba yetu Kerende limebeba mawe ya dhahabu, nilipokuwa mdogo. Lori lile mlango wake wa kushoto ulifungwa kwa waya. Basi na mimi nikafunga waya kwenye mlango wa kushoto, na siku hiyo nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kula.

Mteja akichungulia nilisema ni la mzungu mmoja wa kambi ya watalii, limeharibika, nalitengeneza. Kwetu mwanaume akishatahiriwa michezo imekwisha. Anaweza kunywa, anaweza kugombana, anaweza kuoa mke wa pili bila kujua atamlisha nini wa kwanza, lakini kucheza hachezi. Hata mke wangu nilimwambia habari za mzungu. Kila baada ya muda aliniuliza huyo mzungu anakuja lini kuchukua gari lake, na mimi namjibu yuko likizo.

Gari lilikuwa na kasoro moja. Mbele lilikuwa jepesi. Likifika kwenye jiwe lililosimama linainua pua, linaanguka chali, magurudumu yanazunguka hewani kama mende aliyepinduliwa. Dawa yake ni uzito, na uzito wenyewe ukae chini kabisa, ndani ya magurudumu ya mbele. Nilijaribu vipande vya risasi wanavyobalansia matairi, vikabanduka. Nilijaribu nati, zikafaa, lakini zilikuwa mbaya kutazama. Wale wa kwenye video walikuwa na pete za shaba, nzito, zinang'aa. Nami nikataka za shaba. Nati zilitosha kabisa, na hilo nalirudia kwa makusudi.

Mwezi huo nilikwenda Kerende kuwasalimu wazazi na kumsaidia baba kurekebisha paa. Baba ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Mwanga anauona, na kivuli cha mtu anakiona, lakini ng'ombe wake hawezi kuwaona tena. Alikuwa akiwajua kwa kengele. Dume aliyekuwa akitangulia kundi alivaa kengele ya shaba ambayo baba alirithi kwa babu, na baba akikaa kwenye kigoda chake jioni aliweza kukwambia sasa wako mtoni, sasa wamepita kwa jirani, sasa yule mweusi amesimama kwenye mahindi ya watu. Dume huyo alikufa kwa uzee. Kengele ikatundikwa kwenye nguzo ya stoo, ikimsubiri dume mdogo mwekundu akomae ili avishwe. Baba alisema avishwe mvua zikianza.

Aliyekuwa akiwachunga ng'ombe hao ni mtu mzima wa kuajiriwa, mwenye watoto wake, kanizidi miaka michache, amekaa kwetu miaka kumi na moja. Nilimwita kaka. Wageni wengi walidhani ni mtoto wa baba, na baba hakuwasahihisha.

Niliingia stoo kutafuta misumari, nikaiona. Niliigeuza, nikaupima mdomo wake kwa vidole. Nitasema ukweli, sikufikiria baba wala dume mwekundu. Niliwaza tu kwamba mdomo wa ile kengele unalingana na bomba langu. Ukiikata kama unavyokata muhogo, unapata pete.

Ningeweza kuomba. Baba ananipenda, huenda angenipa, na kama asingenipa ningerudi kwenye nati zangu. Lakini kuomba maana yake ni kufungua mdomo mbele ya baba na kusema: tata, naomba kengele ya babu niiweke kwenye gari la kuchezea. Nilishindwa kulisema hilo. Wizi niliuweza, nikaifunga kwenye shati, nikaisokomeza chini ya begi.

Mugumu nilitumia mchana mmoja tu. Msumeno wa chuma ulipoingia, kengele ililia mara moja, sauti nyembamba, kisha ikanyamaza kwa sababu nilikuwa nimeibana kwa mkono. Pete mbili za chini zikaingia kwenye magurudumu ya mbele bila kusukumwa. Nilizisugua kwa majivu zikang'aa. Kile chuma kinachoning'inia ndani nilikitia kwenye droo, nikaweka waya juu yake.

Mvua zilipoanza, baba alitaka kengele. Haikuonekana. Mama alipekua stoo yote, wakapekua hadi zizini. Nilipigiwa simu niende, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa, na nilikwenda nikiwa na uso wa mtu aliyestuka. Wazee wa ukoo walikuwa wameshaketi. Mmoja alikwishasema kwamba shaba siku hizi inauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na kila mtu akamtazama mchungaji.

Wakaamua kiapo. Kwetu kitu kikipotea boma moja na mwizi hajulikani, wote waliolala humo wanaapa, mmoja baada ya mwingine. Anayeapa uongo balaa halimpati peke yake, linashuka hadi kwa watoto wake. Mzee aliyeongoza alisema itakuwa kesho asubuhi, na wote waliokuwepo ile wiki ya paa wawepo. Alinitazama. "Na wewe mura, kijana wetu, ulikuwepo."

"Nilikuwepo," nikasema. "Ila kesho nina kazi ya watu Mugumu. Nimeahidi."

Hakuna aliyebishana nami. Mimi ni mtu wa mjini, nina kazi za watu. Alfajiri nikapanda basi, nikarudi, na nilipofika sikufungua kibanda. Nilikaa ndani nawafikiria watoto wangu watatu. Niliwaokoa kwa kukimbia, nikamwacha mtu mwingine asimame pale na watoto wake.

Mchungaji aliapa. Mama alinisimulia kwa simu. Aliapa taratibu, neno kwa neno, kisha akaenda kuwatoa ng'ombe kama kawaida, akawachunga kutwa, akawarudisha, akawahesabu mbele ya mama. Halafu akafunga vitu vyake. Alimwambia baba, "Mzee, sina neno na wewe. Lakini kwenye nyumba niliyoapishwa siwezi kulala tena." Akaondoka. Kuapa kulimsafisha mbele ya wazee, lakini majirani waliona tu kwamba ameapishwa na ameondoka, wakajumlisha wenyewe. Nikasikia yuko Nyakunguru, anaponda mawe ya dhahabu.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na baba alikuwa ananipigia simu kila Jumapili kuniuliza hali ya watoto.

Nilidumu hivyo hadi mavuno. Gari lilikuwa limekamilika, nimelipaka rangi ya kijani iliyochakaa kama lile lori, na sikuliendesha. Kila nikiliweka chini naona pete. Mwishowe nikaenda Kerende, nikamkuta baba kwenye kigoda, nikamwamkia shikamoo, nikapiga magoti kabla hajaitikia vizuri, nikasema yote. Mzungu, gari, nati, msumeno.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilijua siku ile uliposema una kazi ya watu."

"Mbona hukusema, tata?"

"Ningesema nini? Kwamba mwanangu ameogopa kiapo?" Akapapasa fimbo yake. "Nilikusubiri. Umechelewa. Mchungaji anajua?"

Nikasema bado.

"Basi umekuja kwa mtu asiye mwenye shauri."

Nilimkuta Nyakunguru ameketi kwenye gunia, nyundo mkononi, vumbi limempaka nywele zote nyeupe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuniambia niketi. Alinisikiliza akiendelea kuponda. Nilipomaliza alisema, "Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua kwamba sikuiba." Akachagua jiwe jingine. "Kawaambie walioniapisha. Na hilo gari uende nalo, walione."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku waliyopanga wazee, wote walirudi kwenye viti vyao pale bomani, pamoja na mchungaji, aliyekuja amevaa shati safi. Akina mama walisimama karibu na jiko. Nilitoa gari kwenye boksi, na kile chuma cha ndani ya kengele nikakiweka chini mbele ya baba. Nilisema maneno yangu. Mzee mmoja akauliza kengele yenyewe iko wapi, nikaonyesha magurudumu ya mbele. Akauliza, "Na hiki kitu kinafanya nini?" Nikasema kinapanda mawe. Akasema, "Hebu kipande jiwe, tuone."

Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu kengele ya ukoo imeliwa na nini. Nikashika rimoti, mwanaume mzima, mbele ya wazee na wake zao, nikalipeleka gari kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya zizi. Pale penye mwinuko mkali, ambapo zamani lingeanguka chali, magurudumu ya mbele yalishika. Pua ikakaa chini. Likapanda kidogo kidogo, likitafuta mahali pa kukanyaga kama mtu mwenye akili, mlango wake wa waya ukichezacheza, hadi likasimama juu kabisa.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wacheke. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Katikati ya aibu ile moyo wangu uliruka kwa furaha, nikageuka kuwatazama watu kama anayengoja kupongezwa. Hapo nikakutana na macho ya mchungaji. Hakuwa akilitazama gari hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi usoni, na alikuwa ameiona furaha yangu.

Alisimama, akawaaga wazee mmoja mmoja, akasema amesikia na yamekwisha. Baba alimwomba arudi. Akasema, "Asante mzee, huko nimeshazoea." Chai hakunywa.

Wazee walinitoza ng'ombe mmoja wa kumfuta mchungaji jina baya, nikakubali kabla hawajamaliza kusema. Nilimwuliza kiongozi wao kama na mimi napaswa kuapa. Aliitikisa fimbo yake kukataa. "Kiapo ni cha mtu ambaye neno lake bado tunalitaka," alisema, akainuka kwenda zake.

Jioni nilibaki na baba nje. Dume mwekundu alikuwa amekomaa, kifua kipana, shingo tupu. Aliongoza kundi kutoka mtoni bila mlio wowote, isipokuwa kwato, na kwato zote zinafanana. Waliingia zizini mmoja mmoja, nikawahesabu, nikafunga mlango.

Baba aliinamisha kichwa akisikiliza. "Wamefika?" akauliza.

"Wamefika, tata. Wote."

Aligeuza uso upande wa jiko, akamwita mama, akamwuliza kama ng'ombe wamefika.