Kupigwa Kumi na Nne

Gari la shule ya udereva lilikuwa dogo, na mwalimu wake alikuwa mrefu kupita kiasi. Kiti chake kilisukumwa nyuma mpaka kikagota, na bado magoti yalikizuia kile kisanduku cha mbele kisifunguke mpaka yeye ashuke. Wanafunzi walimwita Ngazi, kwanza kwa siri, baadaye waziwazi, naye akaitika. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Mwanafunzi akielekea kugonga kitu, Ngazi alikanyaga breki ya upande wake na kusema kwa upole, "Dada, ile ni nguzo. Haitatupisha."

Enzi za usichana wake aliichezea timu ya taifa ya mpira wa kikapu. Alisimama chini ya goli, mgongoni amevaa namba kumi na nne, na kazi yake ilikuwa moja: adui asipite. Mwaka fulani timu moja ya mbali ilijitoa kwenye Kombe la Dunia la wanawake dakika za mwisho, wakatafutwa wa kuziba pengo, simu ikaangukia kwao. Waliondoka na suti za michezo walizoazima kwa timu ya wavu. Walifungwa, wakafungwa tena, wakazidi kufungwa, mpaka mechi ya mwisho ya kundi, ambayo walishinda kwa kikapu kimoja.

Waliporudi, uwanja wa ndege ulijaa watu na mashada ya maua. Wasichana walianza kupunga mikono, kumbe watu walikuja kuipokea kwaya. Mama yake Ngazi peke yake ndiye aliyemfuata.

"Mmeshinda?" aliuliza.

"Mara moja, mama."

"Haya, twende ukaoge."

Miaka michache baadaye timu ileile ikaenda Kombe la Bara na kurudi na medali ya shaba. Ngazi hakwenda, alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, anafua nepi. Aliwasikia wenzake kwenye redio, na jioni akaona barabara imefurika watu mpaka magari yakazimwa. Tangu siku hiyo, wanawake wa shaba ndio waliokuwa timu. Kila mwaka walialikwa redioni. Wale wa Kombe la Dunia hawakukumbukwa na mtu, na aliyekumbuka alisema, "Ah, wale waliokwenda kutalii."

Bingwa wa maneno hayo alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, kinyozi mwenye mdomo usiopumzika. Utani wa shemeji una ruhusa yake, naye aliitumia ruhusa hiyo yote. "Shemeji," alikuwa akisema, "hebu nisogezee hiyo chumvi, wewe uliyeiona dunia." Mume wa Ngazi, fundi bomba asiyependa maneno mengi, alitabasamu na kuendelea kula. Ngazi naye alicheka. Ila kuna siku kicheko kilimkwama njiani, na hakuna aliyeona.

Yule mtoto wa nepi alikua, akawa fundi umeme, na siku moja akaleta mchumba. Binti alikuwa wa nchi nyingine ya bara hilohilo. Kiswahili chake kilikuwa kilekile, ila alikivuta kidogo mwishoni. Siku ya kwanza alichelewa, akaingia anahema.

"Shikamoo mama. Nisameheni, basi limenipiga kumi na nne."

"Marahaba mwanangu, karibu," akasema Ngazi, akidhani kumi na nne ni namba ya basi.

Baada ya miezi kadhaa mama wa binti naye akaja, ili wakubwa waonane. Alikuwa mwoka mikate mwenye tanuri lake mwenyewe, mnene, mchangamfu, mikono yake ina alama ndogondogo za moto. Aliingia na mikate mikubwa miwili ndani ya kanga, akamkumbatia Ngazi kiunoni, maana ndiko alikofika.

"Mkwe wangu, wewe umelishwa nini?"

Wakacheka, wakakaa. Chai ikamiminwa. Shemeji mtu naye alikuwepo, amevaa shati la kutokea, lakini jicho moja liko kwenye televisheni. Ilikuwa Jumamosi alasiri na Kombe la Bara la wanawake lilikuwa linaendelea.

"Mama, utanivumilia," akamwambia mgeni. "Hii ni nusu fainali ya Kombe la Bara. Hapa kwetu leo hata mgonjwa anaahirisha kuumwa."

Mgeni alitazama kidogo, akarudi kwenye kikombe chake. "Hili? Kwetu tunalitazama huku tunakunja nguo. Tumelibeba mara nyingi mpaka wachezaji wakirudi nalo tunawauliza tu kama wamekula."

Shemeji alikaa wima kama mtu aliyetukaniwa ukoo. "Sasa mama, kama si Kombe la Bara, ni lipi?"

"Ni Kombe la Dunia, baba."

"La kikapu?"

"Kwani kuna lingine?"

"Mama!" Shemeji alisahau kabisa kwamba yuko mbele ya mkwe. "Huko duniani unakwenda kumfunga mtu humjui, naye hakujui, na kesho hamkutani. Utamu uko wapi? Kombe la Bara unamfunga jirani, Jumatatu unamkuta kazini kanuna!"

"Wote mmekosea," binti akadakia. "Ng'ambo nilikosoma mimi, Kombe la Dunia wanapeleka timu ya pili. Mastaa wenyewe wanawekwa kwa ajili ya Olimpiki. Nilipowaambia kwetu shule zilifungwa kwa Kombe la Dunia la kikapu, walidhani nawatania."

"Shule zilifungwa?" akauliza mchumba wake.

"Shule, soko, kila kitu," mama wa binti akasema, akaweka kikombe chini. "Nilikuwa msichana, najifunza kuoka. Redio ilikuwa juu ya magunia ya unga na mtaa mzima umejazana mlangoni. Tulihitaji mechi moja tu tuvuke kundi, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya. Moja! Tena na timu ya kuokotwa iliyoletwa kujaza nafasi." Akasita, akamtazama mwanawe, kisha wenyeji. "Sasa hapa nisije nikafukuzwa. Walikuwa ninyi."

"Sisi?" Shemeji alipapasa rimoti, akapunguza sauti. "Sisi tuliwafunga ninyi? Lini?"

"Hamjui?" Mgeni alimkodolea macho. "Watu mmeiliza nchi nzima, halafu hamjui?"

Ngazi alikuwa ameinamia birika, anamimina chai ndani ya kikombe ambacho tayari kimejaa.

"Sekunde za mwisho mpira uko kwetu," mgeni akaendelea, sasa amepata moto. "Nahodha wetu anakwenda peke yake, anafunga, kwisha habari. Likatokea jitu lenu, namba kumi na nne. Magazeti yalitoa picha yake. Jitu refu, halicheki, viwiko kama mpini wa jembe! Mara nahodha yuko chini, mpira uko kwa kumi na nne, wakaenda kufunga wao. Mpaka leo kwetu ukikosa kitu ambacho kilikuwa mkononi mwako, umepigwa kumi na nne. Watoto wanasema, hawajui hata kimetoka wapi."

"Mimi mwenyewe sikujua," binti akasema kwa sauti ndogo.

Fundi bomba alianza kukohoa. Shemeji aligeuza shingo taratibu kumwelekea Ngazi, mdomo wazi.

"Mikate nayo ilikuwaje?" Ngazi akauliza.

"Iliungua tanuri zima! Mji ulilala umefungwa na una njaa." Kisha mgeni alimtazama mwenyeji wake kuanzia miguu iliyokunjwa chini ya meza, akapanda, akapanda, mpaka akafika usoni. "Hapana," akasema.

"Mwambie," fundi bomba akasema.

"Karibu sana kwangu, mkwe," Ngazi akasema. "Hilo jitu ni mimi."

Mgeni alisimama. Kijana wa Ngazi alisimama pia, asijue kama azuie ugomvi au alete maji. Lakini mwoka mikate alivuka chumba, akavishika viwiko vya Ngazi kwa mikono yote miwili, akaviminya kama anayepima unga uliokandwa.

"Niambie kweli. Ulimsukuma, hukumsukuma?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu wa nchi yake. Ngazi alijikuta anasimama, anaonyesha kwa mikono nahodha alikotokea na yeye alikuwa wapi, meza ikavutwa pembeni, shemeji akawekwa awe nahodha na kukimbizwa kwenye zulia mara tatu. "Sikumgusa. Kamba ya kiatu ilifunguka, akaikanyaga. Niliiona kabla yake."

"Yesu na Maria!" Mgeni akajipiga paja. "Ndivyo anavyosema mwenyewe miaka yote! Tukamwambia anakutetea kwa woga."

Mgeni, aliyemwuzia nahodha mikate miaka yote, akampigia simu papo hapo. Nahodha siku hizi alikuwa mwalimu mkuu, na sauti yake ilijaa sebuleni kama yuko gwaride la asubuhi. Alipoambiwa anaongea na nani, akapiga ukelele. "Kumi na nne! Waambie! Waambie ilikuwa kamba!" Ngazi alicheka mpaka akakaa chini, kicheko ambacho mumewe alisema hajakisikia tangu wachumbiane, na machozi yakamtoka.

Nusu fainali iliisha bila mtu kuitazama. Shemeji alibaki kwenye kiti kidogo kando ya Ngazi, sauti yake imelainika. "Shemeji, hebu anza mwanzo. Mlipofika huko, mechi ya kwanza mlicheza na nani?" Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa kuwa kinyozi ni kinyozi, akasema bado Kombe la Bara ni kubwa zaidi.

Harusi ilifanyika kwa upande wa binti. Watu walipanga mstari kupiga picha na mama wa bwana harusi, mstari mrefu kuliko wa maharusi, mpaka binti akalalamika, nusu kwa kweli, kwamba siku yake imeibiwa. Nahodha alikuja na viatu visivyo na kamba. Walikaa pamoja pembeni yeye na Ngazi, sahani mapajani, wakimsema mwamuzi wa mechi ile ambaye wote wawili walikubaliana hakuona chochote.

Siku hizi hupigiana simu Jumapili mchana. Mara nyingi hawazungumzii kikapu. Wanazungumzia magoti yao, na dawa gani ya kuchua inafaa, na nani kati yao bado anaweza kupanda ngazi bila kushika ukuta.