Stovu Ilikuwa Imezimwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwacha binti yangu Mwende, mwenye homa kali, mikononi mwa mwanamke nisiyemjua kwenye foleni ya zahanati, nikakimbia nyumbani Kaloleni kuangalia kama nimezima stovu. Nilikuwa nimeiangalia mara saba kabla ya kutoka. Niliikuta imezimwa, imepoa kabisa. Nikafunga mlango, nikapiga hatua chache, nikarudi kuigusa tena.

Niliporudi zahanati sikumwona mwanamke yule wala mtoto. Nikaanza kumuuliza kila mtu kwenye foleni. Kumbe Mwende alishikwa na degedege, na muuguzi mmoja wa makamo akampeleka ndani mbio. Nilimkuta amelala, anapumua vizuri.

“Ulikuwa wapi, mama?” muuguzi akaniuliza.

“Nilienda kuangalia stovu.”

“Ulikuta inawaka?”

“La. Na nilijua haiwaki.”

Sijui ni kwa nini nilimwambia ukweli. Miaka miwili nilikuwa nimeficha. Kiwanda cha biskuti kilikuwa kimeniachisha kazi kwa kuchelewa, maana kila asubuhi niligeuka njiani nikarudi nyumbani. Mume wangu, Mutua, alikuwa amechoka kuniambia “Imezimwa” mara ishirini kwa siku.

Muuguzi hakupandisha sauti. “Mtoto angekufa hapa huku wewe unalinda nyumba isiyoungua,” alisema. “Huu ni ugonjwa, na unatibiwa. Leo utamwona daktari wa akili.”

Daktari aliuita ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Nyinyi vijana mnauita OCD. Alinipa vidonge, akaniambia nisiruke hata siku moja na nisitarajie nafuu ya haraka. Wiki kadhaa zikapita. Wazo la moto halikuondoka, ila lilipunguza kelele, na nikaweza kula chakula nikiwa nimeketi.

Hapo ndipo nilipokosea. Jirani aliviona vidonge, akasema ni vya vichaa. Nikaona aibu. Nikajiambia nimepona, nikaviacha vyote siku moja bila kumwambia daktari. Kizunguzungu kikanishika, nikawa mkali kwa kila mtu, na hofu ya stovu ikarudi. Nikawa simalizi hata kufua nguo za mtoto.

Nilirudi kwa daktari nimeinamisha kichwa. Alinianzishia dawa upya, kisha akanituma kwa mshauri aliyeitwa Bi Rehema. Nilidhani tutaongea tu. Yeye alikuja hadi kwangu, akasema, “Zima mara moja, funga mlango, twende.”

Tulitembea mpaka barabara kuu. Jasho lilinitoka, moyo ukanienda mbio. “Bi Rehema, niambie tu kwamba imezimwa.”

“Sitakuambia, na Mutua pia nimemkataza. Kaa na hofu hiyo.”

Nilimchukia, mwanangu, kweli nilimchukia. Nililia mbele ya wauza mboga. Karibu saa nzima tulisimama pale, na polepole hofu ikapungua bila mimi kurudi nyumbani. Kesho yake tukafanya tena, na keshokutwa. Siku nyingine nilishindwa, nikarudi mbio, na yeye akaja tena.

Sasa naona unavyohangaika, unauliza kipi bora, dawa au mazoezi ya mshauri. Dawa ilinituliza nikaweza kusimama pale barabarani. Mazoezi yakanifundisha kuishi bila kuhakikishiwa kila kitu, na miaka mingi baadaye, daktari aliponipunguzia dawa kidogo kidogo, mafunzo hayo nilibaki nayo. Lakini hiyo ni njia yangu. Pale kliniki nilimjua kijana aliyepata nafuu kwa mazoezi peke yake, na mama ambaye mazoezi hakuyaweza kabisa mpaka dawa ilipoanza kumsaidia.

Kwa hiyo usichague kwa aibu, wala kwa maneno ya jirani. Mweleze daktari kila kitu, hata yale mawazo unayoogopa kuyataja. Ukipewa dawa, usiiache peke yako. Ukipewa mazoezi, usiyakimbie kwa sababu yanauma siku za kwanza. Ukihitaji vyote viwili, vichukue vyote. Wazo la moto hunijia hata leo nikichoka. Huwa naliacha lipite, naendelea na safari yangu.

Mungu akutulize moyo, mwanangu, akukutanishe na watu wasiokucheka, na akupe subira siku utakazoona hurudi nyuma wala huendi mbele.