Riwaya Niliyoisoma Saa ya Vifungo

Nilikwenda Kigali kwa ajili ya kitabu. Wenzangu wa Ngara huvuka mpaka kwa harusi, kwa matanga au kwa biashara ya maharage, lakini mimi, Julai ile ya 1990, nilivuka na riwaya moja ya kusisimua na kitenge cha kubadilisha. Shoga yangu Zaina alikuwa ameniandikia: "Hadithi zimetuishia hapa kazini. Njoo na kitabu, na kisiwe cha mafunzo. Wewe mwalimu nakujua."

Zaina na mimi tulikua ua kwa ua. Aliolewa na Sadiki, fundi cherehani wa Nyamirambo, na kwa miaka tisa alikuwa hajakanyaga kwao. Mama yake, Bi Mariamu, alipata barua za salamu tu, mistari minne na jina.

Alfajiri ya kuondoka nilimpitia huyo mama. Alinipa karanga za kukaanga alizozifunga kwenye karatasi. "Mpe. Asipozitaka, tafuna wewe," akasema, akacheka. Mimi sikuweza kucheka naye, na sababu nitaisema nikifika mpakani.

Rusumo, saa nne asubuhi. Lori la saruji lilinishusha karibu na daraja. Afisa wa kugonga mihuri alikuwa amekwenda kunywa chai, nasi wasafiri tukakaa kivulini tukisikiliza maporomoko. Nikafungua kitabu. Jamani! Marafiki wanne waliosoma pamoja, ghala la pamba lililoungua wangali watoto, mlinzi aliyefungwa kwa uongo wao, na sasa, watu wazima wenye vitambi, kila mmoja anapokea barua isiyo na jina: "Najua aliyesema." Ukidhani umemkamata mwongo, ukurasa unaofuata unakucheka. Nilinogewa hata afisa akaja kuniita mwenyewe.

Ila kitabu kile kilinigusa pabaya. Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, ustadhi wetu wa chuoni alichagua wasichana wa kwenda Bukoba kuimba kaswida kwenye Maulidi. Zaina alituzidi sote kwa sauti. Ustadhi akanituma kwa Bi Mariamu nikaombe ruhusa. Sikufika. Nilijibanza nyuma ya migomba kidogo, nikarudi na jibu langu: "Mama yake kakataa." Nafasi nikapewa mimi. Kwetu mtoto hamhoji mzazi aliyekwisha kukataa, kwa hiyo Zaina hakuuliza. Alikifuga kinyongo, na kila ugomvi uliofuata na mama yake, hata wa ndoa, ukarundikwa juu ya kile cha kwanza. Nami nilikuwa nimenyamaza tangu hapo.

Ng'ambo ya daraja nilirudishiwa saa nzima bure, maana Rwanda saa zao ziko nyuma ya zetu. Basi likashika mkono wa kulia wa barabara, nami nikawa nafumba macho kila tukikutana na lori. Tukapita Kibungo, tukapita Rwamagana, vilima na migomba, vilima na migomba. Ukurasa wa mwisho niliumaliza karibu na njia ya kwenda Ndera.

Nyamirambo, alasiri. Sadiki alitoka mlangoni na futi ya kupimia shingoni, akanipokea kwa Kiswahili cha kwao, kinachogeuza l kuwa r. "Karibu shemeji! Umetoka mbari sana. Kitabu iko?"

"Kipo."

"Basi na wewe karibu ndani."

Zaina alinikumbatia mpaka tukayumba. Karanga alizipokea, akaziweka juu ya kabati bila kuzifungua.

Sasa niwaeleze desturi ya pale. Ulikuwa msimu wa sare za shule: mashati ya kaki ya wavulana, magauni ya buluu ya wasichana. Tangu asubuhi cherehani zinanguruma, husikii hata jina lako. Ikifika saa kumi zinanyamaza, na kila mtu anashika sindano kwa ajili ya kazi ya mkono, yaani vifungo. Hiyo ndiyo saa ya vifungo, na ndiyo saa ya kusomewa. Sura mbili kwa siku, basi. Baada ya hapo Sadiki anakifungia kitabu kwenye droo ya mikasi, na anayejua mwisho haruhusiwi hata kukunja uso.

Nilisoma kwa raha ambayo darasani sijawahi kuipata. Vestine, fundi mwenzao, alinichungulia usoni zaidi kuliko alivyosikiliza.

"Mwongo iko ule daktari," alitangaza siku ya pili. "Anacheka mingi."

"Oya!" Sadiki akakataa. "Daktari iko mutu muzuri. Anatibu watu bure."

"Ndiyo nasema! Bure ya nini?"

Siku ya nne tukamfikia mwongo. Alikuwa daktari kweli, yule mwema, aliyekuwa akimfariji mtoto wa mlinzi miaka yote hiyo. Vestine alipiga kelele, Sadiki akasema "Subhanallah!" mara tatu, na tulipotulia tukagundua kwamba Vestine kwa kunogewa na kitabu ameshona vifungo vya mashati sita ya wavulana upande wa kike. Tulicheka hadi machozi. Akawa anafumua huku anauliza: "Mama Hawa, wewe unaweza kumusamehe?"

Mama Hawa ndiye Zaina. Alikata uzi kwa meno, akafikiri. "Uongo wa mtoto ningesamehe. Lakini miaka yote kala kwangu, kanywa kwangu, kanyamaza! Huo tena ni wa mtu mzima."

Nikafunga kitabu. Nikaisifu chai, ambayo ilikuwa imepoa.

Asubuhi iliyofuata, Sonatubes. Tulikuwa tumepeleka furushi la sare kwa mteja wa Niboye, tukawa tunamsubiri pale njia panda, magari yakitupulizia vumbi. Niliogopa kumpoteza, lakini kukaa naye tena mezani nikiwa vile niliogopa zaidi.

"Zaina, mama yako hakukataa usiende Bukoba. Sikumwuliza."

Alinitazama. "Hukufika mlangoni?"

"Niliishia kwenye migomba."

Zaina, ambaye hata kipande cha kitambaa hakiruhusu kiguse chini, alilitua furushi vumbini. Akalia kimya, mtandio mdomoni. Mteja alipotokea alijifuta, akamsalimu vizuri, akamkabidhi mzigo. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele. Mlangoni ndipo aliposema: "Kesho uende. Ukamwambie mwenyewe, uso kwa uso, kama ulivyoniambia mimi."

Kulipokucha Sadiki peke yake ndiye aliyenisindikiza kwenye basi. "Pole, shemeji. Amekasirika, lakini hajasema usirudi." Akajikuna kisogo. "Kitabu tuachie. Tunataka kusoma tena, tuone ule daktari aritudanganya wapi."

Ngara, kesho yake. Nilimkuta Bi Mariamu akichagua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini, nikasema yote bila kumung'unya maneno. Mkono wake ulisimama katikati ya mchele.

"Mtoto alitakiwa Bukoba, nami sikuambiwa?"

"Hukuambiwa, mama."

"Basi ndiyo maana. Wiki ile ya Maulidi alikataa chakula changu. Nilidhani nimezidisha chumvi. Tangu hapo nikaipunguza, nikaipunguza, mpaka leo nakula hivyo hivyo." Akauweka ungo pembeni, akajipangusa magoti. "Basi la Kigali linaondoka saa ngapi?"

Nilimvusha daraja mwenyewe, nimembebea mzigo. Alikaa kwa Zaina mwezi mzima, akarudi amenawiri, na ujumbe wa binti yake kwangu mdomoni: nikipata kitabu kingine niende, ila safari hii atasoma Zaina na mimi nitashona vifungo.

Watu wakiniuliza nimejifunza nini Kigali, husema nimejifunza kushona vifungo upande wa kiume, nao hucheka. Lakini la kweli ni hili. Miaka yote nilijua nimemkosea Zaina, na nikadhani kosa langu linaishia hapo. Mama yake aliishi mlango wa pili, alinipa karanga, na kila siku alikula chakula chapwa kwa sababu yangu; huyo sikuwahi kumfikiria hata mara moja.