Vidole Vinne vya Mukendi

Banza hakufyatua risasi mpaka apimwe. Alikaa chini, viwiko juu ya magoti, kitako cha bunduki begani, jicho la kulia likichungulia ndani ya darubini iliyofungwa juu ya mtutu. Miwani yake mizito aliikaza kisogoni kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tairi la baiskeli, isiteleze puani. Hapo Mukendi aliingiza vidole vyake vinne, vimebanana, kati ya kioo cha miwani na kinywa cha darubini. Vikienea sawasawa, aliviondoa polepole na kumgusa bega. Ndipo Banza alipovuta.

Alama iliyokuwa juu ya nyusi yake ya kulia, mfano wa mwezi mwandamo, ilieleza sababu. Zamani, injinia mmoja Mzungu ambaye walimbebea mizigo porini alimpa bunduki ajaribu, wala hakumwambia kwamba darubini inamuuma anayeisogelea mno. Bunduki ilipopiga teke, ukingo wa chuma uligonga miwani na miwani ikamchana. Injinia alicheka hadi akashika mti. Mukendi hakucheka. Aliitafuta miwani kwenye majani, akaipangusa kwa shati lake, akamrudishia usoni, kisha akapanga vidole vinne mbele ya kioo, akimwita yaya, kaka mkubwa, kama siku zote.

“Yaya, hapa njo mupaka. Ukipita, itakuluma tena.”

Wote wawili walikuwa mafundi wa kampuni ya shaba, katika karakana ya Panda mjini Likasi, Katanga: Banza wa mashine, Mukendi wa kuchomelea vyuma. Watoto wa kambi ya wafanyakazi walimwita Banza “Macho Ine”, macho manne. Aliwajibu bila hasira: “Munakosa hesabu. Minye niko na macho sita. Mbili ya Mungu, mbili ya munganga, mbili ya Mukendi.”

Wala hakutania. Miwani ilimwonyesha kitu kilicho mbele yake, lakini kutofautisha kichuguu na mgongo wa mnyama ng'ambo ya bonde kulikuwa kazi ya Mukendi. Mukendi aliona kwanza, akataja mahali: kushoto ya muti wa kukauka, chini ya jiwe. Banza alitazama kwa miwani hadi naye aone. Baada ya hapo tu ndipo bunduki ilipoinuliwa. Kutafuta mnyama kwa kutembeza darubini porini ilikuwa mwiko kwao. “Bunduki haiulizake kitu,” Mukendi alikuwa akisema. “Inasemaka tu.” Na nyama ilipogawanywa, kichwa kilikuwa cha Mukendi siku zote, kwa sababu kichwa ni cha macho.

Mwaka 1991 askari walipopora miji, injinia aliondoka kwa ndege na sanduku moja, akamwachia Banza bunduki na kartushi zake za risasi. Kwa nchi nzima hicho ndicho kitu pekee nilichosikia wakubwa wakiacha nyuma yao. Mishahara ilikuwa imegeuka hadithi ya kuwalaza watoto. Katika duka la kampuni, ambako baba zetu walipokea unga na mafuta, walibaki panya, nao walikuwa wamekonda. Barabara nzima ya kambi ilikula kwa wanaume hawa wawili. Ijumaa waliteremka kuelekea mto Lufira, Jumapili walirudi na mzigo, na wake zao, Adrienne wa Banza na Clotilde wa Mukendi, waligawa nyama mlango kwa mlango kabla hata ya kujipikia.

Kisha wakaja watu wa hotuba. Walikuja ndani ya magari mapya, wakapanda majukwaani, wakatueleza kwa nini tuna njaa. Hawakusema nani aliyeuza shaba na fedha zake zimelala benki gani ya Ulaya. Walisema njaa yetu inaitwa Mkasai, mtu mwenye asili ya mkoa wa Kasai kama Mukendi. Na sisi, watu wa mji uliokuwa ukiyeyusha mawe yakawa madini, tulikubali kwamba mchomeleaji wa nyumba ya tatu ndiye aliyeumeza mgodi mzima! Mukendi alizaliwa Likasi. Baba yake amezikwa Likasi. Hiyo Kasai waliyomwambia arudi, kwa macho yake yote mazuri, hakuwahi kuiona.

Walimfikia asubuhi. Mbele yao alikuwa Ricky, kijana wa mtaa wa Kikula ambaye hakuna aliyemwogopa hadi alipopewa kundi la kuongoza. Banza alitoka mbio, akasimama mlangoni kwa jirani yake.

“Vieux, toka mu njia,” Ricky alisema, akimwita mzee kwa Kifaransa.

“Ricky, ku matanga ya baba yako, nyama ilitoka kwa nani? Ulikula mpaka ukalamba vidole.”

Baadhi ya vijana walicheka. Ricky alimnyooshea Mukendi kidole, akamwita mdudu.

“Huyu ni kilulu. Kilulu hakina kwao hapa. Weye na macho yako ine, hauone?”

“Minye naona muntu.”

“Basi tafuta malineti ingine,” Ricky alisema, akiionyesha miwani kwa kidole.

Sasa walicheka wote. Banza aligeuka kuelekea nyumbani kwake, na kila mtu alijua kuna nini chini ya kitanda chake. Mukendi alimshika bega, mguso uleule wa porini, lakini safari hii ulikuwa na maana ya usipige.

“Yaya, acha. Ibaki mu nyumba.”

Akatoka na mkewe na watoto na godoro moja. Mashine yake ya kuchomelea ilibaki. Kabla ya jua kuzama Ricky alikuwa amekwisha kuning'iniza pazia lake dirishani.

Walipelekwa stesheni ya reli, gare kama tulivyoiita, pamoja na maelfu, wakaambiwa wangoje treni. Wakangoja mvua zote. Waliishi chini ya mashuka na mabati, wakipika kando ya choo, wakizika watoto kwa zamu. Mchana, mji uliendelea na shughuli zake kando yao. Mapasta walihubiri upendo umbali wa kusikika. Ningependa kusema mtu fulani mwenye cheo alipiga kelele. Sikumsikia.

Banza alikwenda kila alipoweza, na unga kidogo mfukoni. Ilipofika mwezi wa sita, wakati wa baridi, habari zilienea kwamba treni iko njiani kweli.

“Baba Berthe,” Clotilde alimwambia, akimwita kwa jina la bintiye, “tutakula nini mu njia? Banasema treni inasimamaka mu pori, siku mingi, na batoto banakufa.”

“Nitaleta nyama ya kukausha. Na kichwa ya Mukendi.”

Mukendi alicheka, meno yake makubwa sasa katika uso uliobaki mifupa. “Kichwa ya nini? Utaenda peke yako. Minye sitaona kitu.”

“Kichwa ni ya macho.”

“Macho iko hapa ku gare, inahesabu mabati.”

“Hata ikiwa ku gare.”

Mukendi aliacha kucheka. “Basi sikia. Usilale chini, yaya. Na usitafute nyama na darubini.”

Banza aliteremka kwenye bonde la Lufira, chini ya bwawa la Koni, umeme wake ukipita juu ya kichwa chake kwenda kwenye karakana ambazo hazikufanya kazi. Alfajiri baridi ilimpandishia ukungu kwenye miwani kila alipopumua. Aliifuta kwa upindo wa shati, ikapanda tena. Aliketi, akatazama ng'ambo. Aliona majani, mawe, na vivuli vya kahawia vilivyoweza kuwa kitu chochote. Hakuwepo wa kumnong'oneza kushoto ya mti upi.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda alipoona wekundu kichakani, rangi ya mbawala. Alikaza macho. Wekundu ulisogea, ukatulia. Akawaza treni. Akawaza watoto wa Clotilde. Akafanya kile ambacho hakuwahi kufanya: aliinua bunduki ili ajue anaona nini.

Ndani ya darubini, wazi kama picha ya ukutani, kulikuwa na mgongo wa mwanamke aliyejifunga kitenge chekundu, anafunga kuni. Msalaba mweusi wa darubini ulikuwa umetua katikati ya mabega yake, na kidole cha Banza kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

Alitoa kartushi, akaziweka mfukoni, akakaa hadi mwanamke yule alipojitwika mzigo na kwenda zake akiimba, asijue.

Mtu mwingine angerudi nyumbani. Banza alikuwa ameahidi.

Alasiri, mbawala dume alitoka kunywa. Huyo alimwona kwa macho yake, pembe na mistari yote. Lakini majani yalikuwa yameungua kwa moto wa kiangazi, hapakuwa na mti wala kisiki. Angeketi, mnyama angemwona. Akalala kifudifudi kwenye majivu.

Mwenye miwani akilala hivyo, kichwa hurudi nyuma na jicho hupanda hadi ukingo wa juu wa kioo, mahali ambapo kila kitu hupinda. Banza aliona mbawala wawili. Akasogeza uso mbele, wakawa mmoja. Alikumbuka mpaka. Akauondoa mkono wa kushoto kwenye bunduki ili ajipime mwenyewe, na mtutu ukainama ardhini. Aliurudisha mkono. Mbawala alikuwa ameinua kichwa. Inatosha, Banza alijiambia. Akavuta.

Mbawala alianguka palepale. Darubini nayo ilirudi nyuma ikavunja kioo cha kulia ndani ya jicho la kulia.

Namna alivyofika Panda na mzigo ule mgongoni, hakuwahi kusimulia. Adrienne alimtoa vipande vya kioo kwa pini na maji ya chumvi, huku akilia na kumtukana kwa pamoja. Alitaka ampeleke hospitali.

“Watanipa nini kule?”

“Watakuona.”

“Washa moto kwanza, Mama Berthe. Nyama iharibike bure?”

Hospitalini, alipokwenda hatimaye, walimwambia jicho limekwenda. Miwani mingine, ambayo zamani fundi wa kampuni aliipata kwa kutia sahihi tu, haikuwepo Likasi nzima. Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Huo ndio ulimwengu aliobakiwa nao, umekatwa vipande viwili.

Nyama ilikuwa imekauka Berthe alipokuja mbio kutoka sokoni Kikula. “Baba! Treni imefika! Banapanda!”

Banza alibeba kifurushi begani na kichwa cha mbawala chini ya kwapa, kimefungwa kwa kitambaa. Berthe alimshika mkono. Langoni pa stesheni alisimama Ricky na wenzake.

“Vieux, unapeleka nini ku bilulu?”

“Chakula ya batoto.”

Ricky alifungua kifurushi, akanusa. Nyama ya moshi, kazi nzuri. Akampa aliye nyuma yake. “Nyama ya Katanga ni ya Bakatanga.” Kisha alifunua kitambaa, akaona macho ya mbawala, akakirudisha haraka. “Hii, peleka tu.”

Berthe alianza kupiga kelele. Baba yake alimvuta mbele.

Mabehewa yalikuwa yamejaa hadi juu ya paa. Banza alitembea kando yake akiita, lakini kwa jicho lake moja na ufa wake nyuso zote zilikuwa uso mmoja wa kijivu. Mwenye kuona alikuwa mwingine.

“Yaya! Hapa! Juu yako!”

Mkono ulishuka kutoka kwenye behewa. Ulikuta kitambaa kilichofunika jicho, ukatulia. Kisha vidole vinne vilipangwa juu ya nyusi, palepale pa alama ya zamani.

“Ulilala chini,” Mukendi alisema.

“Nililala.”

“Haukupima.”

“Nani angenipimia?”

Clotilde alipokea kichwa kilichofungwa, akakigeuza mikononi, akatazama nyuma ya Banza kama mtu anayetarajia mzigo mwingine.

“Na nyama, Baba Berthe?”

Banza alifungua kinywa, na behewa likavutwa kwa kishindo. Watu walipiga mayowe. Mkono wa Mukendi ulibaki nje, wazi, ukienda, hadi Banza hakuweza kuuona tena, na hapakuwa mbali.

Hakuna barua iliyokuja. Mvua zilipoanza, Ricky alipata mtoto wa kiume katika nyumba ya Mukendi, akataka karamu. Soko lilikuwa halina nyama, na barabara nzima ya kambi ilikuwa imesahau harufu yake. Alikuja kwa Banza na kartushi mkononi.

“Vieux, hata jicho moja inatosha. Tuende mu pori.”

“Muntu wa kuona nyama mulimupandisha mu treni.”

“Achana na ile mambo ya zamani. Basi nipe bunduki, nitaenda minye.”

Banza aliingia ndani, akaitoa chini ya kitanda, akamkabidhi, akaketi kizingitini. Ricky aliipokea kwa furaha, akaielekeza kwenye vilima, akabandika jicho lake kwenye kinywa cha darubini, akalikandamiza kama mtoto anayechungulia tundu la mlango.

“Eh! Inaonyesha vizuri!”

Mkono wa Banza uliinuka wenyewe kutoka gotini, vidole vinne vimebanana. Ulifika nusu ya njia. Aliutazama kwa jicho lake moja kupitia ufa, kisha akaurudisha gotini.

“Chukua,” alisema. “Pori ni yenu sasa.”