Jagi la Mama Mdogo na Mkono wa Mzee Mwero

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, mzee wa watu aliponusurika kuchomewa nyumba kwa sababu ya tumbo langu. Mpaka leo mwili hunisisimka. Nakusimulia kwa kuwa jana nilikuona uani ukikoroga ule unga wa kinywaji cha wakimbiaji, kijiko juu ya kijiko, na mwenzako anakusifu ati kizito ndicho chenye nguvu. Nilitaka kukupokonya chupa. Kisha nikasema la, huyu ni mtu mzima, aambiwe.

Wakati huo nilikuwa kijana wa Mwabungo, na kwa mbio sikuwa na mpinzani toka Msambweni hadi Ukunda. Sijisifu; waulize waliobaki. Mashindano yalikuwa ya kutoka kwetu kwenda Diani na kurudi, na kijiji kilikuwa kimeshaandaa ngoma ya kunipokea. Binamu yangu aliyefanya kazi hotelini akaleta pakiti ya unga wa rangi ya machungwa. Akaeleza vizuri: kijiko kimoja kwa glasi ya maji.

Mama mdogo Mbodze, mdogo wake mama, alikuwa amekuja kutoka Kinango kuniona nikishinda. Yeye ndiye aliyeishika pakiti.

“Kijiko kimoja?” alimtazama binamu yangu kama aliyetukanwa. “Mtoto wa dada yangu nimpe maji ya kuoshea vikombe?”

Akaimimina yote katika jagi moja. Usimcheke. Kwao Kinango maji hutafutwa kwa taabu, huwezi kuyamwaga ovyo, na heshima ya mgeni huonekana katika utamu wa anachonyweshwa. Kinywaji chepesi ni dharau. Nilikunywa nusu ya jagi, nacho kilishuka kooni polepole kama asali.

Pale pa kuanzia mbio alisimama jirani yetu, Mzee Mwero, mtani wa marehemu babu yangu, mkimya, macho mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa tanuri za mkaa. Akanipigapiga tumbo kwa kiganja.

“Tumbo hili lisituaibishe leo!”

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Lilituaibisha, mwanangu. Sijaiona hata Diani, tumbo likavimba, likanguruma, likaanza kukata kama lina wembe ndani. Niliwaacha wenzangu barabarani nikakimbilia vichakani, nyuma ya ukuta wa hoteli, na huko sitakupeleka. Nilirudishwa nyumbani nimepakiwa kwenye baiskeli kama gunia la nazi.

Nikiwa nimejikunja mkekani, nikamsikia Ami Nyanje, ndugu yake baba, akiunguruma nje.

“Nani alimgusa tumbo?”

Akawatazama mmoja mmoja.

“Nauliza, nani alimgusa mtoto huyu tumbo asubuhi, mbele ya macho yetu sote?”

“Mzee Mwero,” mtu akajibu.

“Basi lisemwalo lipo. Na macho yale mekundu ya kichawi mnayaona.”

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Wale wale waliocheka utani asubuhi, sasa wameugeuza ushahidi! Nikasikia harufu ya mafuta ya taa. Nikajivuta hadi mlangoni. Ng'ambo ya ua, Mzee Mwero alikuwa ameketi na mgongo wake kwetu, anasuka makuti ya kuzibia paa lake, hana habari.

“Ami, huyu mzee hakunifanya kitu,” nikasema.

“Huyo kesharogwa, hajui asemalo.”

Binamu yangu akajitokeza. “Huenda ni kile kinywaji. Kilikuwa kizito mno.”

Mama mdogo akaruka. “Kinywaji changu? Mimi nimtilie sumu mtoto wa dada yangu?” Akaingia ndani, akatoka na jagi na nusu yake iliyobaki. “Tazameni!” Akanywa mpaka tone la mwisho, akafuta mdomo kwa leso, akaketi mbele yao. “Nikidhurika, ni mimi. Nisipodhurika, nendeni kwa mchawi wenu.”

Mwanangu, sijawahi kumwombea maradhi mtu nimpendaye, ila siku hiyo niliomba.

“Vipi?” Ami akauliza.

“Mzima kama chuma.”

Muda ukapita. Kijana mwenye galani la mafuta akaanza kusogea kwa Mzee Mwero.

“Vipi sasa?”

 Mama mdogo alishika tumbo. Jasho likamtoka. Kisha akainuka na kutimua mbio kwenda chooni, leso ikabaki mchangani, na sauti yake ikatujia kutoka huko: “Mwacheni mzee wa watu! Ni mimi! Ni mapenzi yangu!”

Hakuna aliyecheka. Kijana akaliweka galani chini.

Baadaye nilitoka nikasoma, nikajilipia mwenyewe, nikarudi na diploma ya lishe, na nyumba yangu unaiona ilivyo. Darasani ndipo nilipojua: kinywaji chenye sukari nyingi mno hukaa tumboni hakishuki upesi, na matumbo huvuta maji ya mwili ili kukizimua, wakati miguu nayo inadai damu yake. Tumbo lenye ugomvi halikimbii. Kikikorogwa kwa kipimo chake, humsaidia mwenye safari ndefu na jasho jingi. Kwa mbio fupi, maji matupu yanatosha.

Jioni ile nilimwendea Mzee Mwero kumpa shikamoo. Alikuwa ameshaambiwa. “Marahaba. Tumbo limepoa?” akauliza, akanyoosha mkono kunipigapiga kama kawaida yake. Ukafika nusu ya njia, akaurudisha. Hakunigusa tena mpaka tulipomzika.

Basi nasaha yangu ni hii. Fuata kipimo kilichoandikwa, kunywa kidogo kidogo, na usijaribu siku ya mashindano usichokijaribu siku za mazoezi. Tumbo likikuuma, chungulia kikombe chako kabla ya kuchungulia ua wa jirani. Mungu akupe pumzi ya kufika na miguu ya kurudi, na wazee wako wasiogope kukuwekea mkono.