Maji Aliyoyasimulia Baba

Mama alipomaliza eda, nilimfuata Kondoa nikamleta kwangu Dodoma mjini apumzike. Wiki ya pili akaniambia, "Nipeleke Mtera. Nataka kuliona bwawa la baba yako."

Baba alikuwa kibarua pale ukuta wa bwawa ulipojengwa, kabla sijazaliwa. Aliporudi nyumbani alisimulia maji yasiyoonekana ng'ambo yake, na miti mikavu iliyosimama ndani yake kama watu wanaooga. Mama, aliyezoea tangu utotoni kuchota maji ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo, hakumwamini. Baba akianza kuwasimulia wageni, mama alicheka tu. "Haya, ametuletea bahari yake."

Tulikwenda kiangazi, vichaka vyote vimekauka. Gari lilipomaliza mteremko wa mwisho, maji yakatokea kulia kwetu, mengi, yanang'aa. Mama alishika mtandio wake.

Mvuvi mmoja alikubali kututembeza kwa mtumbwi, kandokando tu kwa sababu ya viboko.

"Shikamoo, bibi. Kaa katikati, usiogope."

"Marahaba, mwanangu. Siogopi," alijibu mama, huku ameng'ang'ania kingo kwa mikono miwili.

Tulipoifikia miti, ikiwa myeupe kwa vinyesi vya ndege, mama alimwomba mvuvi aache kupiga kasia. Akainama, akachovya mkono majini hadi kwenye kiwiko.

"Nisamehe, baba watoto," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili. "Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Akacheka, kisha akalia. Mvuvi akatazama pembeni. Nilitaka kumkumbatia lakini niliogopa kuyumbisha mtumbwi, basi nikausogeza mguu wangu mpaka ukagusa wake.

"Mbona hakukuleta?" nilimuuliza baadaye.

"Aliniambia twende, mara nyingi tu. Mimi ndiye niliyekataa. Nikasema, mbuzi nitamwachia nani?"

Mchana tulikula ugali kwa perege wa kukaanga kwenye banda la mama lishe karibu na maji. Nina mvi kichwani na wajukuu wawili, lakini mama aliivuta sahani yangu, akaanza kutoa miba, mmoja baada ya mwingine, akinisogezea minofu. Sikumzuia. Nilikula kila alichonipa.